KUKAA KITAKO KUTWA NZIMA

Vijana wetu wasomao vyuo vikuu, warejeapo likizo, hawakosi kupita chuoni kwetu kutuamkia. (Twasema "chuoni" kwa desturi ya wazee, watoto wa siku hizi hupaita madrasa.) Likizo hii walitujia sita baada ya swala ya Alasiri, wakakaa mkekani tukazungumza. Walipoinuka kuaga, mmoja akashika kiuno kama mzee wa miaka 70, ilhali umri wake haujatimia 22.

"Mwanangu, umeanguka?" tukamwuliza.

"La, Maalim. Ni kukaa tu."

Tukawazuia wasiondoke, tukataka kujua ni kukaa gani huko kuumizako kama kuanguka. Akatuhesabia siku yake: darasani tangu saa mbili asubuhi hata adhuhuri, kisha maktaba, kisha bwenini na kompyuta mapajani mpaka saa sita ya usiku. Baina ya bweni na darasa hupanda bodaboda. Tulipouliza kwa nini hatembei, wote wakacheka: atembeaye huonekana hana nauli.

Madhara ya kukaa si habari mpya. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenziwe walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanya kazi wa mabasi ya ghorofa mbili mjini London. Dereva hukaa kitini mchana kutwa; kondakta hupanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Basi ni moja na mji ni mmoja, walakini madereva walionekana kupatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta. Mwaka 1956 wakapimwa hata viuno vya suruali zao za kazi, na za madereva zikawa pana zaidi. Misuli ya miguu ikilala, sukari ya damuni hukosa wa kuitumia. Nalo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilimtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na tena apunguze muda wa kukaa.

Hayo yote vijana wanayajua. Walitusomea wao kabla hatujawasomea. Basi kinachowazuia ni nini? Mmoja alisema akiinuka huona kama ameiba saa ya masomo, na baba yake ameuza ng'ombe kwa ajili ya ada. Binti mmoja akasema maktabani ukisimama macho yote hukugeukia. Na kiwanja cha michezo kimejaa wanaume, naye haoni mahali pa kujinyosha kwa sitara. Mwingine: "Nani athubutuye kusimama nyuma ya darasa, Maalim, na mhadhiri anasema? Ataambiwa hana adabu."

Mmoja tu ndiye aliyebadili mwenendo wake. Huenda darasani kwa miguu, tena hudurusu akitembea ukumbini, daftari mkononi. Wenziwe humwita mwendawazimu. Tukamsifu. Akainamisha uso, akasema kwa upole, "Maalim, ndivyo nilivyokuwa nikihifadhi Juzuu Amma, nikiuzunguka mwembe ule. Ukanirudisha ndani kwa bakora."

Sisi tulikuwa tumesahau, yeye hakusahau. Miaka mingi tumewafundisha watoto kuwa aliyetulia kitako ndiye mwenye adabu, na atikisikaye ni mtundu. Wazazi nao walitushukuru kwa hilo. Leo twawashangaa wanaoona haya kuinuka!

Tulijitetea kwamba adhana huwainua mara tano. Binti akatujibu kuwa wengi huiakhirisha Adhuhuri mpaka Alasiri inakaribia, kwa ajili ya vipindi, na msala umo chumba cha pili. Hatukuwa na jawabu.

Jumatatu iliyofuata tuliwaambia watoto wetu: kila amalizaye kipande chake na ainuke, auzunguke mwembe akikidurusu kwa moyo. Siku ya kwanza palikuwa na fujo, hatufichi. Siku ya tatu mzazi mmoja alitujia, uso umekunjamana, kuuliza kwa nini mwanawe yuko nje saa ya masomo. Tukamkaribisha mkekani, kisha tukakumbuka, tukavaa viatu, tukamweleza huku tunatembea naye chini ya mwembe, watoto wakitupita.