Mfumo wa kufyonza taka: Kifaa cha njia panda kinachobeba mzigo wote

Katika mtaa wa Hammarby Sjöstad mjini Stockholm, Sweden, wakazi wengi hawasubiri gari la taka. Hutumbukiza mifuko yao katika matundu yaliyo nje ya majengo: mabaki ya chakula mahali pake, karatasi mahali pake, na taka za kuchomwa mahali pake. Kisha feni kubwa huvuta hewa, na mifuko husafiri chini ya ardhi kwa kasi ya takriban kilomita 70 kwa saa hadi kituo cha kukusanyia.

Teknolojia hii si ngeni. Ilianza kutumika katika hospitali ya Sollefteå, Sweden, mwaka 1961, na tangu mwaka 1975 inahudumia kisiwa cha Roosevelt jijini New York.

Lakini ikiwa bomba ni moja na taka ni za aina tatu, kila aina hufikaje katika kontena lake?

Jibu ni zamu. Vali za aina moja ya taka hufunguliwa kwanza, nyingine zikisubiri. Kituoni, kifaa cha kugeuza njia huelekeza mzigo kwenye kontena husika, mithili ya reli inayohamishwa ili treni ishike njia nyingine.

Kukibuni kifaa hicho kunahitaji uangalifu. Njia rahisi ni kuweka bamba linalofungua tawi moja na kuziba jingine. Hata hivyo, bamba hilo hupigwa na kila kinachopita, na ukingo wake unaweza kunasa kamba au nguo. Njia ya pili ni kuhamisha kipande kizima cha bomba kutoka tawi moja hadi jingine. Ndani hubaki laini, ila kifaa huhitaji nafasi kubwa zaidi, mota yenye nguvu na viungo visivyopitisha hewa.

Viungo hivyo ndivyo roho ya mfumo. Hewa ya nje ikipenya, mvuto hupungua, na mifuko hutua njiani na kuziba bomba. Mbunifu mzuri hupanga mpira wa kuzibia ili mvuto wenyewe uukaze.

Mchanga na vipande vya vioo navyo husugua chuma, hasa upande wa nje wa kona. Kwa hiyo kona hufanywa pana, na sehemu zinazolika huwekewa mabamba yanayobadilishwa bila kung'oa bomba zima. Zaidi ya hayo, kihisi lazima kithibitishe kwamba njia imekaa sawasawa kabla ya vali ya kwanza kufunguliwa.

Hitilafu ndogo hapa si jambo dogo. Kifaa kikielekea kusiko, mabaki ya chakula huchafua karatasi safi, na jitihada za kaya zilizotenganisha taka hupotea bure. Kikikwama, matawi yote yanayokitegemea husimama, na mifuko huanza kurundikana mlangoni.