Kicheko Ndani ya Hema la Upasuaji

Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi wa Rumonge wakianza kuwasha taa zao juu ya maji ya Tanganyika, hapa Kizuka huwa imefika saa ya mazungumzo. Mawese yamekwisha kukamuliwa, ndagala zimeanuliwa, na askari asiye na zamu hutafuta mahali pa kuketi. Ni katika saa hiyo, kwa jioni kadhaa mfululizo, kundi letu la wanajeshi, polisi wawili na mstaafu mmoja aliyekuwa mganga wa kikosi lilipokusanyika mbele ya televisheni ndogo iliyoendeshwa kwa jenereta, kutazama vichekesho vya jeshi la watu wengine. Aliyetuletea ni kijana mmoja aliyerejea kutoka Somalia, nchi ambayo majeshi ya Burundi yalianza kutumwa mwezi Desemba 2007. Na kwa kuwa chuo cha makadeti kiliniachia Kiingereza kidogo, nilitwikwa kazi ya ukalimani.

Mchezo wenyewe huitwa M*A*S*H. Herufi hizo zinasimama badala ya maneno yenye maana ya hospitali ya upasuaji ya jeshi iendayo kwa kuhamahama. Ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya CBS ya Marekani tarehe 17 Septemba 1972, ukamalizika tarehe 28 Februari 1983. Vita vya Korea, vinavyosimuliwa humo, vilianza Juni 1950 na kusimama Julai 1953. Yaani vita vya miaka mitatu vilichezwa kwa miaka kumi na mmoja, jambo lililomchekesha sana mstaafu wetu, ambaye alisema kwamba huko ndiko kuongezewa muda wa utumishi bila kuulizwa.

Chanzo cha mchezo ni kitabu kilichotolewa mwaka 1968 na daktari mpasuaji aliyekuwapo kwelikweli Korea, akaandika kwa jina la Richard Hooker. Mwaka 1970 ikatoka filamu ya Robert Altman, kisha Larry Gelbart akaifanya kuwa mfululizo wa televisheni. Mahema ya Kikosi 4077 yalisimikwa katika vilima vya Malibu, California, mbali kabisa na Korea. Lakini hospitali za aina hiyo hazikuwa hadithi. Helikopta ziliwachukua majeruhi kutoka mstari wa mbele hadi mezani kwa mpasuaji kwa muda mfupi mno, na husemwa kwamba majeruhi aliyefika hai katika mahema hayo alikuwa na nafasi ya 97 kati ya 100 ya kuondoka hai.

Wahusika ni wale wale unaowakuta katika kambi yoyote ile. Yuko Kapteni Hawkeye Pierce, aliyechezwa na Alan Alda, mpasuaji hodari asiyependa saluti. Yuko Meja Frank Burns, mpenda kanuni asiyejua kazi. Yuko Meja Margaret Houlihan, mkuu wa wauguzi, aliyechezwa na marehemu Loretta Swit, aliyefariki Mei 2025. Yuko Koplo Radar O'Reilly, karani anayeisikia helikopta kabla ya wengine wote na anayeijua amri ya mkuu wake kabla haijatamkwa. Na yuko Klinger, anayevaa magauni ya kike kila siku ili atangazwe kuwa mwendawazimu arudishwe kwao. Polisi wetu wawili walicheka wakafuta machozi. Hawakujua kwamba mchezaji wake, Jamie Farr, alikuwa askari wa kweli aliyewahi kupangiwa Korea, na kwamba vibati vya utambulisho vilivyoning'inia shingoni mwake juu ya gauni vilikuwa vyake mwenyewe vya jeshini.

Sehemu iliyotuchekesha kuliko zote ni ile ya mapema mwaka 1973 iitwayo «Tuttle». Hawkeye anataka kuwasaidia yatima kwa bidhaa za ghala la jeshi. Akitambua kuwa sahihi yake haitatosha, anamzua afisa asiyekuwapo, Kapteni Tuttle, ambaye sahihi yake ndiyo itakayotoa mali. Karatasi zinaanza kumzaa mtu. Kapteni huyo anapata faili, anapata malimbikizo ya mshahara, naye kwa ukarimu mkubwa anayatoa yote kwa yatima. Sifa zinamfikia jenerali, ambaye anakuja na nishani kifuani pa kumvika. Hapo hakuna njia ila Tuttle afe. Inatangazwa kwamba aliruka kutoka katika helikopta akasahau mwavuli wake, na Hawkeye anatoa hotuba ya maziko ambayo inawaliza hata watu wanaodai kuwa walimfahamu marehemu.

Afrika Mashariki tunawaita watu kama Tuttle watumishi hewa. Tofauti ni kwamba wa kwetu hawajulikani kwa kuwapelekea yatima mshahara wao. Karani mmoja aliyekuwapo pale alicheka chini chini, kisha akanyamaza ghafla, nami sikumwuliza lolote.

Baada ya hapo tulitazama «Adam's Ribs», ya mwaka 1974. Kwa siku kumi na moja jikoni kumekuwa na maini au samaki, samaki au maini. Hawkeye anapandwa na wazimu, anaanzisha maandamano ndani ya hema la chakula, na kisha anapiga simu kuvuka bahari hadi Chicago kuagiza mbavu za kuchoma. Hila zote za jeshi zinatumika: simu za kuunganishwa, ndege, na jina la uongo la mzigo. Mbavu zinafika. Meza inaandaliwa, kila mtu ameinua mkono apeleke mdomoni, na hapo majeruhi wanaletwa. Askari wa pwani ya Tanganyika, aliyekula ndagala Jumatatu na ndagala Jumapili, hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Lakini Gelbart na wenzake hawakutaka tucheke tu. Wakuu wa televisheni waliwalazimisha kupachika vicheko vya watu wasioonekana, kama ilivyokuwa desturi ya vichekesho vya huko. Watayarishaji walikubali kwa sharti moja: ndani ya chumba cha upasuaji hakitasikika kicheko. Msikilize mtu asiyejua Kiingereza, atakuambia mara moja mahali ambapo hema la upasuaji linaanza, kwa kuwa sauti za wacheshi hukatika na husikika vyuma tu vikigongana.

Mtindo huo ulikolea tarehe 28 Januari 1973, katika sehemu ambayo rafiki wa utotoni wa Hawkeye, mwandishi wa habari, anakuja mstari wa mbele kutunga kitabu. Kitabu kitasema kwamba anayekufa vitani haisikii risasi yake. Baada ya siku chache analetwa kwenye machela, naye anamwambia rafiki yake kwamba ameisikia. Anafia mezani. Hawkeye analia, na mkuu wake, Luteni Kanali Henry Blake, anamweleza alichofundishwa katika chuo cha ukamanda: kanuni ya kwanza ya vita ni kwamba vijana hufa, na kanuni ya pili ni kwamba madaktari hawawezi kuibadili ya kwanza. Katika wodi hiyo hiyo yumo mtoto aliyedanganya umri wake ili aandikishwe. Hawkeye, ambaye alikuwa ameahidi kuitunza siri yake, anamripoti ili arudishwe nyumbani. Kijana anaapa kwamba hatamsamehe maisha yake yote. Daktari anamtakia maisha marefu ya kuendelea kumchukia.

Sasa nifike kwa huyo Henry Blake. Alichezwa na McLean Stevenson, ambaye aliamua kuuacha mchezo mwishoni mwa msimu wa tatu. Mhusika anapoondoka katika vichekesho, huagwa kwa karamu na mlango hufungwa. Sehemu yake ya kuagwa ilionyeshwa tarehe 18 Machi 1975, ikaitwa «Abyssinia, Henry». Jina hilo ni mchezo wa maneno: Mmarekani akiyaharakisha maneno ya Kiingereza ya kusema tutaonana, masikio husikia jina la kale la Uhabeshi. Niongeze hapa, ijapokuwa si la mchezo, kwamba Wahabeshi walikuwapo kweli Korea. Kikosi cha Kagnew, kilichotumwa na Mfalme Haile Selassie, kiliwasili Mei 1951 na kupigana pamoja na Divisheni ya 7 ya Marekani. Zaidi ya askari 120 wa Ethiopia waliuawa, na hakuna hata mmoja aliyechukuliwa mateka. Sikuona katika sehemu tulizotazama mahali ambapo mchezo uliwakumbuka, nami naona hilo ni pungufu.

Turudi kambini. Henry amepata barua ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Wanakunywa, wanaimba, wanamvika suti mpya ya kiraia. Asubuhi anaagana nao mmoja mmoja. Radar anampigia saluti karibu na helikopta, na kanali anarudi kumkumbatia. Mtazamaji anadhani mambo yamekwisha. Ndipo kamera inapoingia katika chumba cha upasuaji, madaktari wakiwa na barakoa zao, na Radar anaingia bila barakoa. Anakaripiwa. Hajibu. Ana karatasi mkononi, anaisoma: ndege ya Luteni Kanali Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, imeanguka, hakuna aliyesalimika. Hakuna anayepiga ukelele. Mikono inaendelea kushona, kwa sababu mgonjwa yuko mezani.

Gelbart aliificha karatasi ya mwisho ya mchezo huo. Isipokuwa Alan Alda, wachezaji walipewa muda mfupi tu kabla ya kuigiza, nao wakaingia kazini na majonzi yao yakiwa mabichi. Chombo kimoja kilimponyoka mtu, kikalia sakafuni katikati ya kimya. Hakikuwamo katika maandishi, lakini hakikuondolewa. Barua za malalamiko zilimiminika kutoka kwa watazamaji waliosema wamedanganywa, kwa kuwa walifungua televisheni ili wacheke.

Sehemu hiyo ilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Afisa wa uhusiano hufahamika kwa picha za gwaride na hotuba za wakubwa. Hafahamiki kwa bahasha. Siku moja, nikiwa bado luteni, nilipewa ujumbe wa kupeleka kwenye nyumba moja kandokando ya ziwa hili. Nilikuwa nimejifunza maneno yote ya utangulizi: salamu za kikosi, pole za wakuu, sifa za utumishi. Mama aliyenifungulia mlango alitazama sare yangu, akatazama mikono yangu, akaketi chini kabla sijatamka neno. Tangu siku ile nimeandika matangazo mengi, na kila mara kalamu inapotaka kupamba, namkumbuka Radar na sentensi zake fupi. Alisoma kilichoandikwa, akatoka.

Sehemu nyingine tulizipitia kwa haraka kidogo. «The Interview», ya Februari 1976, ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kama habari za zamani, na anayewahoji wahusika ni Clete Roberts, mwandishi wa habari wa kweli aliyewahi kuripoti vita hivyo. Baadhi ya majibu wachezaji waliyatoa vichwani mwao wenyewe. Katika «Point of View», ya mwaka 1978, kamera ni macho ya majeruhi aliyepigwa kooni asiyeweza kusema, nasi tunayaona mahema kutoka kitandani kwake. Mganga wetu mstaafu aliomba irudiwe. Katika «Old Soldiers», ya mwaka 1980, Kanali Potter, aliyechukua nafasi ya Henry, anabaki peke yake katika kundi la wenzake wa Vita Vikuu vya Kwanza, na analetewa chupa waliyoahidiana kwamba atainywa wa mwisho kuwa hai. Anawaita vijana wa kikosi wainywe pamoja naye.

Na ya mwisho ni ile ya tarehe 28 Februari 1983, ya saa mbili na nusu, iliyoongozwa na Alda mwenyewe. Wamarekani wapatao milioni 106 waliitazama, na ilichukua hadi mwaka 2010 kwa fainali ya mpira wao wa miguu kupata watazamaji wengi zaidi. Vita vinakaribia kwisha, na Hawkeye yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Anasimulia habari za basi lililojaa wakimbizi na majeruhi, lililojificha usiku huku doria ya adui ikiwa karibu. Alimkaripia mwanamke mmoja anyamazishe kuku wake, na kuku akanyamazishwa. Daktari anamuuliza tena na tena, polepole, mpaka kumbukumbu inapojisahihisha yenyewe. Hakuwa kuku. Alikuwa mtoto, na aliyemnyamazisha ni mama yake.

Katika chumba chetu nilikoma kutafsiri. Waliokuwa na umri wa kuukumbuka mwaka 1993 hawakuhitaji mkalimani. Polisi mmoja alitoka nje, akasimama kuelekea ziwani kwa muda mrefu, kisha akarudi kuketi pale pale alipokuwa, na sisi tulimsogezea kiti kana kwamba ndiyo kwanza afike.

Ilibaki robo saa mchezo uishe jenereta ilipokata petroli. Tukabaki gizani, na ikanipasa kuumaliza kwa mdomo: jinsi Klinger, aliyetaka kurudi kwao miaka yote ile, anavyooa Mkorea na kubaki kumsaidia kuwatafuta wazazi wake, jinsi Kapteni B. J. Hunnicutt, mwenzake wa hema, anavyoshindwa kabisa kumwambia Hawkeye neno la kuagana. Na jinsi helikopta inavyopaa, Hawkeye akatazama chini, akaliona neno hilo limepangwa kwa mawe ardhini.

Mstaafu aliuliza mawe yalikuwa ya ukubwa gani. Nilikiri kwamba sikumbuki. Jioni iliyofuata alikuja wa kwanza, na chupa ya petroli mkononi.