Mali bila Daftari

Tarehe 1 Februari, 1892, mambo mawili yalitukia Unguja. Bandari ilitangazwa kuwa huru, bidhaa nyingi zikawa zinaingia bila ya ushuru. Na serikali ikatoa toleo la kwanza la gazeti lake la kila wiki, Gazette for Zanzibar and East Africa. Mambo hayo yalikuwa ndugu. Waingereza, waliovitia Visiwa katika himaya yao mwaka 1890, walitaka biashara istawi, na biashara yataka habari.

Wino haukuanzia hapo. Tangu mwaka 1888 wamisionari wa Kiungani walikuwa wakichapa Msimulizi kwa Kiswahili. Gazeti la serikali, kwa upande wake, lilisema Kiingereza. Liliwapa maofisa na matajiri habari za meli, bei na amri za wakubwa. Mchumaji wa karafuu alitajwa, lakini hakuulizwa neno.

Tarehe 27 Agosti, 1896, mizinga ya Waingereza ilipolibomoa jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Gazeti la wiki lilikuwa mali ya upande ulioshika mizinga.

Wengine nao walitafuta sauti yao. Samachar la Kigujarati lilianza mwaka 1903, na Al-Falaq la Jumuiya ya Waarabu mwaka 1929. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya hiyo walishitakiwa kwa uchochezi kutokana na makala za Al-Falaq. Ni dhahiri kwamba serikali iliyoanza kwa kumiliki gazeti ilikuwa ikiyaogopa magazeti.

Je, tuyatupe maandishi ya mtawala? Hasha. Mwenye kudai haki huhitaji hata daftari la aliyemdhulumu. Ndani ya kurasa hizo zimo tarehe, amri na bei ambazo kumbukumbu ya kichwa haiwezi kuzishika zote. Lililo wajibu ni kuzisoma kwa hadhari, tukiuliza kila mara ni nani aliyenyamazishwa.

Kwa hiyo viongozi wanaohusika hawana budi kuyalinda magazeti yaliyomo katika Nyaraka za Kilimani dhidi ya mchwa na unyevunyevu, na wananchi wenye nakala za zamani makabatini wasizifungie vitumbua. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.