Kipakatalishi Chepesi na Kazi ya Mwanaisimu

Wengi hudhani kwamba uandishi wa kitaaluma kwa kompyuta hauna budi kutegemea mashine yenye nguvu na programu ya kununuliwa. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba upungufu unaomkabili mwandishi wa Kiswahili uko mahali pengine.

Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa kipakatalishi kiitwacho Eee PC, chenye uzito usiofikia kilo moja. Aina yake iliyojulikana zaidi ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4 tu. Hata hivyo iliuzwa ikiwa na mfumo wa Linux pamoja na OpenOffice.org, programu huria ya kazi za ofisi. LibreOffice, iliyochipuka kutokana na programu hiyo mwaka 2010, nayo haidai mengi. Mwenye mashine dhaifu atafaidika akipunguza ukubwa wa picha na kuigawa tasnifu yake katika faili za sura moja moja.

Programu huitwa huria kwa kuwa msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadili. Kwa uhuru huo, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ambamo amri za programu zilisomeka kwa Kiswahili.

Penye upungufu ni katika ukaguzi wa tahajia. Hunspell, kikaguzi kinachotumiwa na LibreOffice, hufuata orodha ya maneno na kanuni za kuambisha, lakini kwa kawaida huondoa kiambishi awali kimoja tu. Tuchukue neno *hawakuwapikia*: kabla ya mzizi *-pik-* mna viambishi vinne, yaani *ha-wa-ku-wa-*. Mtunzi wa kanuni hulazimika kuuhesabu msururu huo mzima kuwa kiambishi kimoja, na kufanya vivyo hivyo kwa kila msururu mwingine. Usipoorodheshwa, neno sahihi hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni kosa.

Kasoro hiyo haiondolewi kwa kununua mashine kubwa zaidi. Inahitaji maelezo kamili ya mofolojia ya kitenzi, yaliyopangwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuyafuata. Kipakatalishi kidogo kinatosha kwa kazi hiyo. Wa kuifanya ni sisi wanaisimu.