Sinki Lililong'oka na Bolti za Mgodini

Msomaji wa Kahama ameniandikia kuhusu sinki la kunawia lililong'oka ukutani. Fundi alilirudisha kwa fisha nene zaidi, likakaa miezi michache, likang'oka tena na kuondoka na donge la tofali. Anauliza kama wa kulaumiwa ni fundi au fisha. Mimi naulaumu ukuta, na namna ya kuutendea ukuta wa aina hiyo inajulikana vizuri jirani kwake, chini ya ardhi katika mgodi wa Bulyanhulu.

Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria husukumwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga mjini. Nyumba zilizojengwa enzi za ndoo sasa zinatiwa sinki, choo cha kukaa na hita. Kuta nyingi ni za tofali za kuchoma, na si ajabu kukuta zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Katika tanuri moja, tofali zilizokaa karibu na moto huiva zikakolea rangi, na ukizigonganisha hulia. Za pembezoni hutoka zimepauka, na unaweza kuzikwangua kwa msumari. Lipu na marumaru zikishapigwa juu yake, hakuna ajuaye drili itaangukia tofali lipi.

Fisha yenyewe ni ya karne iliyopita. Mwaka 1911 Mwingereza John Joseph Rawlings alisajili kizibo cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya mnyama, baada ya kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika Jumba la Makumbusho la Uingereza bila kuharibu kuta. Ile ya nailoni tunayonunua leo madukani ilibuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958. Zote mbili hufanya kazi kwa kutanuka: skrubu ikiingia, kizibo hubana kuta za tundu, na msuguano hukizuia kisichomoke.

Fikiria mchimbaji anayeshuka duara jembamba, yaani shimo la mgodi, bila kamba, mguu mmoja ukuta huu, mwingine ukuta wa pili. Hakuna kilichomshika kwa juu wala kumtegemeza kwa chini. Kinachomshikilia ni nguvu anayoitoa mwenyewe kwa kusukuma pembeni: akisukuma zaidi anashikika zaidi, akilegeza anateleza. Sasa mweke kwenye duara la udongo laini. Anasukuma, udongo unamomonyoka chini ya nyayo, nafasi inapanuka, anazidi kutanua miguu ili aufikie ukuta, na kila anavyotanua ndivyo anavyozidi kuubomoa. Ukimpa miguu minene zaidi hujamsaidia, maana ukuta ndio ulioshindwa. Angekuwa na mwili mrefu wa kuegemea kuta kwa mita mbili nzima, kila sehemu ikisukuma kidogo tu, udongo uleule ungemvumilia. Fisha nene katika tofali bichi ni mchimbaji huyo mwenye miguu minene.

Na sinki huvuta kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenye kilo 15, uzito wake ukikaa sentimita 20 kutoka ukutani, na bolti zikiwa sentimita 15 juu ya ukingo wa chini unaogusa ukuta. Ukingo huo ndio egemeo. Kwa uzito wake peke yake sinki linavuta bolti kwa kilo 20. Mtu akiegemea mbele, sentimita 40 kutoka ukutani, kwa nguvu ya kilo 60, zinaongezeka 160. Jumla ni kilo 180, yaani 90 kwa kila bolti. Fisha ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita 4 inagusa tofali kwa sentimita za mraba 10 tu. Lipu ikimeza nusu ya urefu huo, zinabaki 5, na kila moja inabeba kilo 18.

Wachimbaji wa chini ya ardhi walikutana na tatizo hili kwa kiwango cha kutisha, maana wao hushikilia mwamba uliopasukapasuka juu ya vichwa vyao. Wachimbaji wadogo hufunga matimba. Migodi mikubwa hutoboa mwamba na kuingiza bolti. Ile inayonifurahisha ilibuniwa na Mmarekani James Scott miaka ya 1970: bomba la chuma lililopasuliwa upande mmoja kwa urefu wake wote. Bomba la milimita 39 hupigwa kwa nguvu ndani ya tundu la milimita 35 hadi 38. Mpasuo unajifunga, na chuma kilichokunjwa kinataka kurudi upana wake, basi kinausukuma mwamba kutoka mdomo wa tundu hadi mwisho wake. Mara tu baada ya kupigwa hushika kati ya tani 2.7 na 5.4. Mwamba ukisogea, tundu linapinda, bomba linapinda nalo, na mbano unaongezeka. Ningependa tuiite bolti ya mbano. Jina la “bolti ya msuguano” linataja matokeo na kukisahau kisababishi.

Kuna nyingine nzuri zaidi, iliyobuniwa na kampuni ya Atlas Copco: bomba lililokunjwa hadi kuwa jembamba, likaingizwa tunduni, kisha likajazwa maji kwa kanieneo ya bar 300 hivi. Bomba la nyumbani lina bar chache tu. Chuma kinavimba na kuingia kila kishimo cha mwamba, kikawa na umbo la tundu lenyewe. Maji yakishatolewa, chuma kinabaki kimeubana mwamba.

Nyumbani hatuhitaji mitambo hiyo, tunahitaji kanuni yake: sambaza mzigo. Toboa tundu la milimita 16 lenye kina cha sentimita 12, bila kuwasha nyundo ya drili, kwa sababu inapasua tofali laini. Puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, lowanisha, jaza uji mzito wa saruji, zamisha bolti yenye rezi. Sasa unagusa sentimita za mraba 60, na kilo 90 zimekuwa kilo 1.5 kwa kila moja.

Ukuta ukiwa mwembamba, upenye kabisa. Pitisha bolti hadi upande wa pili na uweke bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15. Hapo bolti haitegemei msuguano. Inalikandamiza tofali kutoka nyuma, na tofali huvumilia kukandamizwa kuliko kuvutwa. Mgodini pia bolti huwa na bamba lake, mara nyingi na wavu wa chuma nyuma yake.

Matofali ya saruji yenye matundu yana njia yake, na kabla ya kutoboa hakikisha unajua nyaya na mabomba yamepita wapi. Hita ya lita 50 ikijaa inapita kilo 60. Ifunge kwenye lenta au nguzo ya zege.

Kwa msomaji wangu: matundu ya zamani yaachwe, yajazwe saruji, na mapya yatobolewe kwenye tofali zima. Ukuta unyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 ndipo sinki lirudi, na kama duka la Kahama linauza mguu wa sinki wa kusimama sakafuni, aununue.