Baharia Aliyetafuta Mlango wa Ziwa

Mito mingi huingia katika ziwa letu la Tanganyika. Je, maji hutokea wapi? Mwezi wa Februari 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa manowari za Uingereza, alifika Ujiji kwa miguu kutoka pwani. Akakodi mashua mbili, akapita Bangwe, akauzunguka ufuo wa kusini akiupima. Mwezi wa Mei, upande wa magharibi, akauona mto Lukuga, umezibwa na matete. Mkuu wa wenyeji akamwambia kwamba huenda mpaka Lualaba. Mwaka 1876 Stanley alikataa kuwa ndio mlango. Baadaye kizuizi kilizibuka, maji yakatoka kwa nguvu. Basi mkuu yule alisema kweli: Lukuga huingia Lualaba, na Lualaba ndio Kongo iendayo bahari ya Atlantiki.