Orodha ya Tovuti na Funzo la Kamusi

Mpangaji wa tovuti ya Kiswahili hukabiliwa na swali la mtunga kamusi: msomaji atatafuta wapi? Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, jina kama "msomaji" huelezwa chini ya kitenzi "soma". Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, limo katika herufi M, mbali na "soma". Orodha ya tovuti ikifuata herufi za mwanzo, maneno ya jamii moja hutawanyika vivyo hivyo. Tena huku Ituri wengi husema "batu" badala ya "watu". Kwa hiyo yafaa kurasa zikusanywe kwa maana, chini ya vichwa vichache. Mwanafunzi wa Fataki atumiaye simu hulipia kila ukurasa aufunguao; akipotea mara mbili tatu, fedha imekwisha, na alichokitafuta hajakipata.